Hofu Iliyojiita Ulinzi: Mataifa Makubwa Yaliingiaje Vitani Mwaka 1914?



Hivi karibuni kwenye kipindi cha vijana tulikuwa tunajadili amani, na kama kawaida mazungumzo yakahamia kwenye habari za dunia: nani ana makombora mengi, nani ana meli kubwa, fulani akimgusa fulani itakuwaje. Kijana mmoja wa kidato cha tano akauliza, "Frateri, hivi mataifa makubwa yakipigana, huwa kuna mtu mmoja amekasirika tu, au inakuwaje?" Watu wakacheka. Lakini swali ni zito na muda ulikuwa umeisha, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine msome.

Sitabashiri mambo ya leo. Nitachukua Vita vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, kwa sababu nyaraka zake ziko wazi, wahusika wake wameshafariki wote, na vilifika mpaka huku kwetu, Tanga, Rufiji na Kigoma. Unaposoma, naomba ubaki na jambo moja kichwani: karibu kila taifa lililoingia vitani mwaka ule liliamini linajilinda. Walisema hivyo hadharani kwa wananchi wao, ni kweli, lakini hata faraghani, kwenye barua na shajara zao, wengi waliamini hivyohivyo. Mimi hilo hunitisha kuliko kama wangekuwa wabaya tu.

Risasi moja haikutosha

Shuleni tulifundishwa kwamba vita vilianza pale Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alipompiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Ni kweli alimpiga. Ila kwenye falsafa tunatofautisha chanzo cha jambo na tukio linaloliamsha. Njiti ya kiberiti ikiangukia sakafu ya saruji inazimika yenyewe.

Angalia. Mwaka 1894 aliuawa Rais Carnot wa Ufaransa. Mwaka 1898 akauawa Elisabeth, mke wa mfalme wa Austria, na aliyemuua alikuwa Mwitaliano. Mwaka 1900 akauawa Mfalme Umberto wa Italia. Hakuna jeshi lililovuka mpaka. Austria haikuishambulia Italia kwa sababu ya damu ya malkia wake. Sasa kwa nini mwaka 1914 kifo cha mrithi mmoja kiliburuta Ujerumani, Urusi, Ufaransa na Uingereza ndani ya siku 38? Safari hii sakafu ilikuwa imemwagiwa mafuta kwa miaka mingi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Tuanzie Zanzibar, ndiyo, Zanzibar hii hii. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba. Ujerumani iliachia madai yake Zanzibar na Witu, kule karibu na Lamu, na miongoni mwa ilivyopata ni Heligoland, kisiwa cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, mbele ya midomo ya mito ya Ujerumani. Ni kisiwa kidogo mno. Ukianza kukitembea asubuhi umeshakimaliza kabla ya chai ya saa nne. Wazanzibari hawakuulizwa. Wenyeji wa Heligoland nao hawakuulizwa. Kule Ujerumani wengi walilalamika kwamba wamepunjwa.

Waingereza walitoa jiwe lile bila wasiwasi kwa sababu mwaka 1890 Ujerumani haikuwa na jeshi la majini la kumnyima mtu usingizi. Miaka michache baadaye jiwe hilohilo likawa ngome ya manowari zinazoitazama Uingereza.

Kati ya hapo na hapo kulikuwa na viwanda. Ujerumani ilikuwa imeungana kuwa dola moja mwaka 1871, na kufikia 1913 ilizalisha karibu tani milioni 17 za chuma cha pua kwa mwaka, wakati Uingereza, nchi iliyowatangulia wote katika viwanda, ilikuwa chini ya milioni 8. Chuma si dhambi. Chuma ni reli, madaraja, majembe, vyerehani. Lakini chuma ni mizinga pia, na jirani yako akiwa na chuma mara mbili yako unaanza kuhesabu.

Hebu jifanye Mwingereza kidogo. Unaishi kisiwani, ngano unayokula sehemu kubwa inakuja kwa meli kutoka ng'ambo. Meli zikizuiwa, watoto wanalala njaa. Halafu jirani mwenye jeshi kubwa la nchi kavu anapitisha sheria, mwaka 1898 na tena 1900, za kuunda manowari nyingi chini ya Admirali Tirpitz. Utamwamini akikwambia ni za kulinda biashara tu?

Sasa geuka, uwe Mjerumani. Biashara yako yote ya baharini inapita mlangoni kwa Mwingereza, na siku akitaka anafunga mlango. Ana manowari nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Wewe unazo chache. Ni haki gani ya mbinguni iliyosema bahari ni yake?

Nimewasoma wote wawili na sijaona mwenye hoja ya kijinga. Kila mmoja ana sababu ya kueleweka. Tatizo ni kwamba ngao ya mmoja, ukiitazama kutoka upande wa pili, ni upanga. Mgiriki Thucydides alishaliona hili karne ya tano kabla ya Kristo alipoeleza vita vya Athens na Sparta: nguvu ya Athens ilikua, Sparta ikaogopa. Thomas Hobbes naye alitaja mambo matatu yanayowagombanisha watu: kushindania mali, kutoaminiana, na kutafuta sifa. Watu wengi wanakumbuka la kwanza na la tatu. La kati ndilo linalofanya kazi kimyakimya.

Mwaka 1906 Waingereza wakashusha majini manowari mpya iliyoitwa Dreadnought, yenye mizinga mikubwa 10 na mitambo iliyoipa mbio kuliko zote za ukubwa wake. Walitaka kumaliza ubishi. Kumbe meli ile ilizizeesha manowari zote za zamani kwa siku moja, zikiwemo za Waingereza wenyewe! Maana yake ule utangulizi mkubwa waliokuwa nao juu ya Mjerumani ulipungua thamani, na wote wakaanza kuhesabu upya karibu na sifuri. Ujerumani nayo ikaanza kuunda za aina hiyo. Ikabidi hata mfereji wake wa Kiel uchimbwe upya kwa upana, maana meli mpya hazikuenea. Kazi hiyo ilikamilika Juni 1914, mwezi uleule wa Sarajevo.

Mwaka 1909 ulitokea mjadala London ambao kwangu ni mfano bora wa jinsi hofu inavyofanya hesabu. Wakuu wa jeshi la majini walitaka meli 6. Mawaziri waliokuwa wanabana matumizi walisema 4 zinatosha. Wananchi wakapiga kelele za kutaka 8. Mwisho wa ubishi wakaunda 8.

Halafu unajua meli hizo za mabilioni zilifanya nini vita vilipokuja? Zilikutana kwa ukubwa wake mara moja tu, Jutland, tarehe 31 Mei hadi 1 Juni 1916. Wanamaji zaidi ya 8,500 walikufa, Wajerumani wakarudi bandarini, na hali ya bahari ikabaki kama ilivyokuwa. Kazi yake kubwa zilishaifanya kabla, wakati wa amani: ziliifanya Uingereza imwone Mjerumani kuwa adui na kuikumbatia Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907, nchi ambazo zamani ilikuwa haielewani nazo kabisa. Ujerumani ikatazama kushoto Ufaransa, kulia Urusi, mbele baharini Uingereza, ikasema, tumezungukwa. Aliyeogopa kuzungukwa alifanya mambo yaliyosababisha azungukwe. Upande wake alikuwa na Austria-Hungaria, na kwa karatasi Italia, ambayo vita vilipokuja ilikaa kando kwanza na baadaye ikaenda upande wa pili.

Ratiba ya treni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu hii watu huiruka.

Zamani mfalme akitaka vita alikuwa na muda. Jeshi linakusanyika kwa miezi, linatembea kwa miguu, barua zinakwenda na kurudi, mabalozi wanakula chakula pamoja, hasira zinapoa. Reli iliua muda huo. Mwaka 1870 Wajerumani waliifunza dunia kwamba anayefikisha askari mpakani kwanza kwa treni ameshashinda nusu ya vita. Kila nchi kubwa ikaanza kuandika ratiba: kijana fulani wa kijiji fulani, siku ya pili saa fulani, stesheni fulani, behewa fulani. Kazi ya mwaka mzima ya maofisa na penseli zao. Mwaka 1914 Ujerumani iliweza kupandisha jeshi lake mpaka watu zaidi ya milioni 3 ndani ya wiki mbili hivi, na katika daraja la reli la Cologne treni zilipita kuelekea magharibi karibu kila dakika 10, usiku na mchana.

Sasa tazama ratiba inavyofikiri. Ujerumani ilikuwa na maadui wawili, mashariki na magharibi. Urusi ni kubwa na reli zake ni chache, kwa hiyo itachelewa kujikusanya. Basi mpango ukawa kuipiga Ufaransa kwanza, kwa wiki 6 hivi, kupitia Ubelgiji, kisha kukimbiza jeshi mashariki kabla Mrusi hajawa tayari. Ni mpango unaotegemea saa. Kila siku Urusi inayoitumia kukusanya jeshi ni siku inayokatwa kwenye zile wiki 6. Tena Urusi ilikuwa inajenga reli kwa mikopo ya Ufaransa na imepitisha mpango wa kukuza jeshi lake ifikapo 1917. Majenerali wa Berlin wakawa wanaambiana kwamba ikiwa vita haviepukiki, heri sasa kuliko baadaye. Ukishasikia sentensi hiyo kwa mtu mwenye madaraka, ujue hofu imeshavaa kofia.

Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai. Tarehe 29 Tsar Nicholas wa Urusi aliamuru jeshi lote likusanywe, kisha usiku uleule akapokea simu ya maandishi kutoka kwa binamu yake Kaiser Wilhelm, akabatilisha. Alitaka sehemu tu ya jeshi, ile inayotazamana na Austria, ili asimtishe Mjerumani. Majenerali wake wakamwambia haiwezekani: ratiba ya sehemu itavuruga ratiba ya wote. Tarehe 30 akakubali jeshi lote. Imeandikwa kwamba mkuu wake wa majeshi alisema akishaipata amri ataivunja simu yake, ili asipatikane mtu wa kumwambia ameghairi tena.

Kesho yake na keshokutwa ikawa zamu ya Berlin. Tarehe 1 Agosti, amri ya kukusanya jeshi ikiwa imeshasainiwa, ilifika taarifa kutoka kwa balozi wao London kwamba pengine Uingereza ingeizuia Ufaransa isiingie. Kaiser akafurahi sana. Akamwambia jenerali wake Moltke, basi jeshi lote tulipeleke mashariki tu! Moltke akajibu kwamba haiwezekani, jeshi la watu milioni haligeuzwi papo kwa papo, litafika likiwa kundi la watu wenye bunduki wasio na chakula. Taarifa yenyewe baadaye ikaonekana haikuwa sahihi, kwa hiyo mambo yakaendelea kama yalivyopangwa. Baada ya vita jenerali mmoja wa kitengo cha reli aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba ingewezekana kuzigeuza treni zile.

Tafakari hapo, ndugu yangu. Mfalme mwenye mamlaka yote anataka kupunguza vita kwa nusu, na anayemzuia ni ratiba. Tunafundishwa kwamba tendo la kiadili linahitaji ujuzi na hiari. Hiari ya wale wakuu ilikuwa bado ipo, sikubaliani na wanaosema walikuwa kama majani yanayopeperushwa. Tsar aliweza kubatilisha amri, na aliibatilisha kwa siku moja. Ila hiari yao walikuwa wameshaiuza kidogokidogo miaka iliyotangulia, kila walipokubali mpango usio na nafasi ya kusema "subiri". Tarehe 3 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Ufaransa, tarehe 4 ikaingia Ubelgiji, na jioni hiyo Uingereza nayo imo.

Na msiseme hawakuonywa. Jan Bloch, mwenye benki wa Poland aliyejenga reli katika himaya ya Urusi, alichapisha mwaka 1898 vitabu 6 akieleza vita vijavyo: askari watachimba ardhi na kujificha, koleo litahitajika kama bunduki, hakuna atakayeweza kusonga mbele, na mwisho utaamuliwa na njaa na kufilisika. Tsar Nicholas huyuhuyu aliitisha mkutano wa amani The Hague mwaka 1899, na Bloch alikuwepo. Walijua. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze kupunguza.

Kiwanda kinapoingia vitani

Mpango wa wiki 6 ulikwama Septemba 1914 karibu na Paris. Tangu hapo majeshi yakazama kwenye mahandaki kutoka baharini mpaka mpaka wa Uswisi, kama Bloch alivyosema. Vita vya zamani vingeishia hapo, maana baruti ingekwisha, chakula kingekwisha, watu wangerudi kuvuna. Viwanda ndivyo vilivyokataa viishe.

Chukua mfano wa mwanakemia mmoja, Fritz Haber. Baruti na milipuko vilihitaji naitrati, na naitrati nyingi ilitoka Chile kwa meli. Manowari za Uingereza zilipofunga bahari, Ujerumani ilipaswa kuishiwa baruti ndani ya muda mfupi. Lakini mwaka 1909 Haber alikuwa amefaulu kutengeneza amonia kwa kuvuta nitrojeni iliyomo hewani, na mwaka 1913 Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda kizima huko Oppau. Ujuzi huo ulikuwa wa mbolea. Ile uria ambayo wazazi wetu wa Njombe na Mbeya wanainunua kwa ajili ya mahindi imetokana na njia hiyo mpaka leo. Sehemu kubwa ya dunia inakula kwa sababu yake. Ujerumani ikaitumia kupata baruti, na vita vikaendelea miaka 4. Haber mwenyewe ndiye aliyesimamia gesi ya klorini iliyofunguliwa Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Baada ya vita alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, kwa ajili ya ile amonia.

Uingereza nako, mwaka 1915 mizinga ilianza kukosa makombora, ikaundwa wizara nzima ya silaha chini ya Lloyd George. Wanawake kwa maelfu wakaingia viwandani. Waliojaza milipuko ngozi zao ziligeuka njano kwa kemikali. Juni 1916, kabla ya mapigano ya Somme, mizinga ya Uingereza ilirusha makombora zaidi ya milioni 1.5 kwa wiki moja. Walidhani hakuna Mjerumani aliyebaki hai. Tarehe 1 Julai vijana wao wakatoka kwenye mahandaki, na siku hiyo moja 57,470 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliokufa ni 19,240. Wengine ni marafiki wa mtaa mmoja waliojiandikisha pamoja. Wakulima wa Ufaransa bado wanafukua makombora yasiyolipuka wanapolima mashamba yale.

Kwa jumla wanajeshi zaidi ya milioni 9 walikufa. Wengi wao walikuwa rika letu.

Wote walikuwa na sababu ya haki?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliweka masharti matatu ya vita vya haki: viamuliwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Nikiwa darasani nilijaribu kuyapima mwaka 1914 kwa masharti hayo, na nikaona jambo la ajabu. Serikali zilikuwa halali. Kila moja ilikuwa na sababu ya kujitetea inayoeleweka, ingawa ya Ubelgiji, iliyovamiwa bila kosa, haiwezi kulinganishwa na ya waliomvamia. Na nia, nani ataipima? Wakatoliki wa Ufaransa na Wakatoliki wa Austria walikwenda kwenye Misa ileile ya Kilatini wakiomba ushindi.

Ndo maana Katekisimu ya leo inaongeza masharti, likiwemo hili: silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale zinayotaka kuyaondoa, na inataja wazi nguvu ya silaha za kisasa. Mwaka 1914 sharti hilo ndilo ambalo hakuna aliyeweza kulitimiza, kwa sababu kiwanda kinaweza kuongeza uharibifu bila kikomo na hakuna anayejua atasimama wapi. Unaweza kuwa na haki ya kujitetea, na bado ukajikuta kwenye jambo ambalo haki yako hailitoshi.

Papa Benedikto XV alichaguliwa tarehe 3 Septemba 1914, vita vikiwa na mwezi mmoja. Aliomba mapigano yasimame japo kwa Noeli, serikali zikakataa. Alifungua ofisi ya kutafuta wafungwa wa vita na kuwaunganisha na familia zao. Halafu tarehe 1 Agosti 1917 akawaandikia wakuu wa nchi zote mapendekezo kamili: silaha zipunguzwe kwa wakati mmoja na pande zote, migogoro ipelekwe kwa wasuluhishi, bahari ziwe huru kwa wote, ardhi zilizotekwa zirudishwe, watu wasidaiane gharama za vita.

Usiyasome kama mahubiri tu ya "pendaneni". Yatazame tena. Kupunguza silaha kwa wakati mmoja: kwa sababu hakuna anayethubutu kuanza peke yake, na hilo tumeliona London mwaka 1909. Bahari huru: ile hofu ya Mjerumani ya kufungiwa mlango. Wasuluhishi: mahali pa kusimamisha ratiba. Alikuwa ameelewa mashine ilivyofungwa, akanyoosha kidole kwenye kila skrubu. Ufaransa wakamwita Papa wa Wajerumani, Ujerumani wakamwita Papa wa Wafaransa. Marekani ikakataa, Ujerumani ikajibu kwa maneno mazuri bila kuahidi chochote kuhusu Ubelgiji. Mwaka 1915 baadhi ya nchi zilikuwa zimeshakubaliana kwa siri na Italia kwamba mjumbe wa Papa asiingizwe kwenye mazungumzo ya amani, na hakuingizwa.

Mpaka Kigoma

Methali ya tembo wawili na nyasi mnaijua wote, sitairudia. Nitasema tu kwamba huku kwetu nyasi hazikukanyagwa tu, zilibebeshwa mizigo ya tembo.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamisha meli ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ilipomalizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikavutwa nchi kavu na mamia ya watu kwa kamba. Na ile MV Liemba ya Ziwa Tanganyika? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa masanduku mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika 1914. Ikaitwa Graf von Götzen, ikafungwa mizinga. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe. Waingereza wakaiopoa 1924.

Reli ilipoishia, viwanda vya Ulaya vilibebwa kichwani. Ndorobo aliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo risasi, makombora, unga na majeruhi vilibebwa na wapagazi waliokamatwa vijijini. Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi zimepata jina kutokana na kikosi hicho cha Waingereza, Carrier Corps. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wanahistoria wengi yanafika karibu wapagazi 100,000 waliokufa, wachache kwa risasi, wengi kwa kuhara, malaria, vichomi na njaa. Wajerumani hawakuacha hesabu ya kueleweka ya wapagazi wao. Majeshi ya pande zote yalikula ng'ombe na nafaka za Ugogo, na njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua mtu 1 kati ya 5.

Vita vilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Habari ilichelewa kumfikia Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani huku, ambaye alisalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Wapagazi walikuwa wakibeba mizigo siku zote hizo 14.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 100,000, labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao popote, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote ile. Novemba, tunapopeleka majina ya marehemu wetu yasomwe kanisani, muulize babu au bibi kama kuna mtu wa ukoo aliyekwenda "kariakoo" asirudi. Kwenye familia nyingi jina bado lipo.